Spika za Mnara Zinazopiga Pande Zote: Namna ya Kuziunda kwa Mbao

Spika nyingi za dukani zimetengenezewa mtu mmoja, yule aliyekaa katikati na kuzielekea. Sebule zetu haziko hivyo. Makochi yanazunguka kuta tatu, mgeni wa ghafla kapewa kiti cha plastiki karibu na mlango, mama mwenye nyumba nusu yuko sebuleni nusu jikoni, watoto wako chini kwenye mkeka. Besi inawafikia wote, lakini ganuni na fidla za taarabu anazifaidi aliyetazamana na spika tu. Wengine wanapata vumbi la wimbo.

Mimi ni seremala wa Keko, Dar es Salaam. Kutwa nzima kwangu ni vitanda na makabati. Spika ninazoeleza hapa ndizo ninazomuundia mtu anayetaka muziki ukae chumba kizima, na zinadai useremala zaidi kuliko ufundi wa umeme. Ukiweza kuunganisha mbao bila mwanya, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Kwa nini spika itazame dari

Sauti nzito na sauti kali hazisafiri kwa tabia moja. Hewani sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, na kwa joto letu inaongezeka kidogo. Kwa hiyo wimbi la Hz 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa mita tatu na nusu hivi. Linalizunguka boksi na kuenea kokote bila kuulizwa. Wimbi la Hz 5,000 halifiki hata sentimita 7, na hilo linakwenda mbele moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mpaka uko kwenye ukubwa wa karatasi ya spika, ile sehemu inayotetemeka. Karatasi ya spika ya inchi 4 ina mzingo wa sentimita 25 hivi, kwa hiyo kuanzia karibu na Hz 1,400 sauti inaanza kujibana na kutafuta njia moja.

Basi tunailaza spika itazame juu, halafu tunaning'iniza juu yake koni ya mbao iliyogeuzwa, ncha chini. Sauti kali zinapanda, zinagonga mteremko wa koni, zinatawanyika pande zote za chumba. Nzito hazihitaji msaada.

Wazo hili si la Keko. Msweden Stig Carlsson alikuwa akilaza spika zitazame juu tangu karne iliyopita, na zikauzwa kwa jina la Sonab. Wajerumani wa kampuni ya Duevel wana aina waliyoiita Planets, yenye mipira juu ya spika badala ya koni. Na Siegfried Linkwitz, mhandisi Mjerumani aliyeishi California, aliunda spika aliyoiita Pluto kwa mabomba ya plastiki, spika ya besi ikiwa imelala mdomoni mwa bomba. Akiweza mtu kutumia bomba la maji machafu na kupata sauti ya kuheshimika, wewe mwenye mninga huna kisingizio.

Nikuambie na unachopoteza. Spika hizi hazitakuonyesha kwa kidole kwamba mpiga gitaa amesimama hapa na mwimbaji pale. Picha ya stereo inakuwa pana na laini. Halafu zinategemea chumba. Simama katikati ya sebule upige kofi moja la nguvu. Ukisikia mlio unabaki ukilia kwenye marumaru na kuta tupu, anza na zulia na mapazia mazito, ndipo urudi kwenye mbao.

Spika na ampu

Tafuta spika mbili za inchi 4 za sauti zote, yaani ile moja inapiga kuanzia nzito hadi kali bila mwenzake, zenye ukinzani wa ohm 8. Kariakoo zipo za kila aina na nyingi hazina maelezo yoyote, kwa hiyo tumia mikono. Weka vidole vya mikono yote miwili kwenye karatasi, kila upande, ubonyeze taratibu na kwa usawa. Ishuke na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya karatasi, inasugua sumaku. Mrudishie mwenye duka hapo hapo. Tazama pia ule ukingo unaoishika karatasi: chukua wa mpira. Wa sponji kwa hewa yetu ya pwani unamung'unyuka.

Spika za gari za inchi 4, zile zenye twita (kispika cha sauti kali) ndogo katikati, nazo zinafaa, ila nyingi ni ohm 4, kwa hiyo hakikisha ampu yako, yaani kikuza sauti, inazikubali. Mimi napenda zile bodi ndogo za ampu zenye chipu ya TPA3116. Zinakula hadi volti 26, kwa hiyo chaja ya zamani ya laptop ya volti 19 inaziendesha vizuri. Kwa spika ya ohm 8 utapata wati 20 hivi kila upande, na sebule haihitaji zaidi, labda uwe na ugomvi na jirani.

Besi ya inchi 4 kwenye boksi lililofungwa inaishia karibu na Hz 100. Kwa taarabu, dansi na taarifa ya habari inatosha. Mpenzi wa bongo fleva na amapiano aziunganishe na sabufa aliyonayo. Usishawishike kutoboa tundu la upepo ili upate besi zaidi. Tundu lina hesabu zake zinazodai vipimo vya spika, na spika ya kuokoteza Kariakoo haina vipimo hivyo.

Mbao

Nachagua mninga. Ukishakauka umetulia, hautanuki ovyo masika wala hausinyai kaskazi, na mnara wenye maungio nane unahitaji mbao isiyo na hasira. Mtiki nao ni mzuri. Mpaini wa Sao Hill unafanya kazi kwa mtu anayebana matumizi, sharti uwe umekauka kwelikweli. Muuza mbao atakuambia imekauka, ndiyo kazi yake. Wewe kata kipande, kipime kwenye mzani wa jikoni, kiweke ndani ya nyumba, kipime tena baada ya wiki. Kama uzito unaendelea kushuka, mbao bado inatoa maji, na ukiigundisha leo itafunguka mwakani. Vumbi la mninga linawasha pua, kwa hiyo vaa barakoa.

Nunua mbao tatu za inchi 1 kwa 8 zenye urefu wa futi 12. Pigisha randa zibaki milimita 18. Mbili ni za minara, ya tatu ni ya vifuniko, koni na vitako. Utahitaji na kipande cha plaiwudi ya milimita 18.

Mbavu nane

Mnara ni wa pembenane: mbavu nane, urefu wa sentimita 75 kila moja, upana wa milimita 73 upande wa nje. Kila ukingo unakatwa kwa mshazari wa digrii 22.5, hivyo upande wa ndani unabaki milimita 58. Zikikutana, ndani unapata nafasi ya sentimita 14 kutoka ukuta hadi ukuta unaotazamana nao, na nje sentimita 17.6. Ubao mmoja unatoa mbavu nane, mnara mzima.

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiwe na haraka. Mnara mmoja una kingo 16. Msumeno wako wa meza ukiwa umekosea nusu digrii tu, makosa yanajumlishana hadi digrii 8, na ungio la mwisho linabaki wazi milimita mbili na nusu. Skeli iliyochorwa kwenye mashine usiiamini hata kidogo. Chukua mbao chakavu, kata vipande vinane vya sentimita 5, vizungushe, uvifunge kwa utepe wa karatasi wenye gundi (masking tape). Ukiona mwanya kwa ndani au kwa nje, gusa skurubu ya meza kidogo, kata vingine. Ubao wa mninga usiuguse mpaka vipande vya majaribio vifunge mdomo.

Hata hivyo makosa madogo yatabaki, na dawa yake ni kugundisha nusu nusu. Panga mbavu nane kifudifudi, upande wa nje juu, kingo zikigusana. Bandika utepe huo wa karatasi kukatiza maungio sehemu nne au tano. Geuza. Sasa unaona mifereji yenye umbo la V. Ipake gundi nyeupe ya mbao yote, isipokuwa ungio kati ya ubavu wa nne na wa tano. Viringisha mnara ufunge. Kwenye ule mfereji mkavu na kwenye ungio la kufungia, ambalo nalo limeachwa kavu, chomeka vijiti vyembamba ili vizishike nusu mbili zisishikane.

Klampu za kuzunguka pembenane sijaziona Keko, wala hazihitajiki. Kata tyubu kuukuu za baiskeli ziwe kamba ndefu, zungushia mnara kwa kuvuta kwa nguvu kuanzia chini hadi juu, kila mzunguko ukipanda nusu ya ule uliotangulia. Mpira unakaza kila pembe kwa nguvu ile ile, jambo ambalo klampu za chuma hazikupi. Futa gundi inayotoka ndani kwa kitambaa chenye maji kabla haijakauka.

Kesho yake fungua. Unazo nusu mbili. Gundisha karatasi za msasa namba 80 juu ya kioo kinene au kipande cha marumaru kilichonyooka, kisha sugua kingo za kila nusu juu yake, nusu ikiwa imesimama kwa kingo zake zote mbili kwa pamoja. Paka kingo chaki kwanza. Chaki ikiisha yote, kingo zimekaa kwenye bapa moja. Makosa yote ya digrii yamekwenda na vumbi.

Kabla ya kuunganisha nusu hizo kata pembenane ndogo ya plaiwudi ya kuingia ndani ya mnara. Huo ni ukuta wa kati. Unakaa sentimita 37 kutoka juu, ukiacha chumba cha lita 6 kwa ajili ya spika. Itoboe tundu la milimita 20, upitishe bomba la waya za umeme litakaloteremka hadi chini. Paka gundi kila ukingo, funga nusu mbili, kaza tena kwa mipira.

Mchanga chini, sufi juu

Chumba cha chini kazi yake ni uzito. Kijaze mchanga mkavu, uliokaangwa kwenye karai mpaka usitoe mvuke, ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki mzito. Zinaingia kilo 8 hadi 9. Usichukue mchanga wa ufukweni: una chumvi, na chumvi inavuta unyevu hadi mbao inaoza kutokea ndani. Kitako cha mraba wa sentimita 26 kifungwe kwa skurubu bila gundi. Mnara ukishashiba mchanga, mtoto akiukumbatia hauanguki.

Chumba cha juu kinatiwa sufi, ile ile ya mito. Gramu 100 hivi, iliyochambuliwa vizuri, inatosha kunyamazisha mwangwi wa ndani ya boksi. Kwa vile sufi inapeperuka na kuingia kwenye koili, ishonee mfuko wa chandarua kuukuu.

Uso wa spika

Uso ni pembenane ya plaiwudi inayofunika mdomo wa mnara. Usitumie mbao ya kipande kimoja hapa, maana itajikunja na kuvuta fremu ya spika. Tundu lipime kwa spika uliyonayo mkononi. Za inchi 4 hazilingani. Kwa upande wa chini, chonga ukingo wa tundu kwa patasi au rauta uwe mteremko wa digrii 45, ukibakiza nyama pale zinapoingia skurubu. Plaiwudi ya milimita 18 yenye tundu dogo lisilochongwa inaibana spika ishindwe kupumua kwa nyuma, na sauti za waimbaji zinatoka kama zimefumbwa mdomo.

Kwenye mduara wa sentimita 15 toboa matundu matatu yenye umbali sawa, uingize vyuma vya uzi vya milimita 6 vinavyosimama sentimita 12 juu ya uso, nati juu na nati chini (ya chini ichimbie nafasi kwenye mdomo wa mnara), gundi katikati ili hewa isipite. Vyuma viwe vyembamba hivyo hivyo. Nguzo nene za mbao zinapendeza kwenye picha lakini zinasimama katikati ya njia ya sauti. Baada ya hapo gundisha uso kwenye mnara.

Koni

Koni ina kitako cha sentimita 12 na kimo cha sentimita 6, yaani mteremko wa digrii 45 uliolingana pande zote. Mwenye mashine ya kukereza atamaliza kazi hii asubuhi moja. Asiye nayo ampelekee fundi wa kukereza gogo lililogundishwa kwa vipande vya ule ubao wa tatu, pamoja na kipimo cha kadibodi kilichokatwa pembetatu. Mwambie na umrudie kumwambia: hutaki mapambo. Fundi aliyezoea miguu ya meza mkono wake unatafuta pete na shanga wenyewe, na kila pete kwenye koni inaharibu njia ya sauti kali. Ncha iwe kali, uso uwe laini wa msasa namba 240.

Kuna watu wanataka koni ya mpingo. Ni mti wa kutengenezea klarineti na obo, mzito hadi unazama majini, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Hapa kazi ya koni ni kuwa ngumu na laini tu. Mninga unatosha, mpingo waachie wachongaji.

Gundisha koni chini ya kifuniko cha pembenane chenye ukubwa sawa na mnara, uongeze skurubu moja katikati kutokea juu. Kifuniko kinapita kwenye vile vyuma vitatu na kushikwa na nati juu na chini.

Waya na kuziba

Pitisha waya kwenye bomba, ziba mdomo wa bomba kwa silikoni, lehemu kwenye spika. Kabla ya kukaza skurubu, gusa ncha za waya kwa betri ya volti 1.5: chanya kwenye chanya, karatasi ipande. Kwa minara yote miwili iwe hivyo hivyo. Mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, besi itapotea na utailaumu mbao bure. Chini ya fremu weka pete ya mpira uliokatwa kwenye tyubu.

Sasa bonyeza karatasi taratibu uiachie. Ikirudi polepole, boksi halivuji. Ikirudi upesi, kuna mahali hewa inapita. Washa ubani wa kijiti, cheza sauti nzito ya Hz 40 kutoka kwenye simu, upitishe moshi polepole kando ya kila ungio. Penye tundu moshi unatetemeka. Ziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno.

Kuweka koni sawa

Anza na ncha ikiwa sentimita 1 juu ya katikati ya karatasi, halafu piga wimbo wenye besi kwa sauti kubwa kuliko utakayotumia kawaida, ncha isiguse. Kisha zima muziki, weka mtu anayezungumza. Msomaji wa taarifa ya habari ndiye kipimo bora, kwa sababu sauti ya mtu hakuna asiyeijua. Tembea chumbani kote ukisikiliza "s" na "sh". Uzi wa chuma cha milimita 6 unapanda milimita 1 kwa kila mzunguko wa nati, kwa hiyo zungusha nati zote tatu kwa usawa, mzunguko mmoja mmoja, usikilize tena. Koni ikiwa juu mno, "s" zinafifia. Ikiwa chini mno, sauti inakuwa ya kopo. Katikati kuna mahali maneno yananyooka, na kila spika ina mahali pake.

Ukiona ukali bado umepungua kidogo, ongeza kitufe cha sauti kali kwenye ampu kabla ya kununua chochote. Asiyeridhika anaweza kulaza twita ndogo juu ya kifuniko, ikitazama dari, ikiwa na kapasita ya mikrofaradi 2.2 isiyo na chanya wala hasi. Kwa twita ya ohm 8 inaanza kuingia kama Hz 9,000. Mimi nyumbani sina, wala siioni kazi yake.

Minara isimame mita 2 hadi 2.5 kati yake, na angalau sentimita 70 kutoka ukutani. Ikiegeshwa kwenye kona besi inavimba, na sauti inayorudi ukutani inaichafua ile ya kwanza.

Mwisho ni rangi na kitambaa. Mninga unataka sila ya kuziba vinyweleo vya mbao tabaka moja na vanishi isiyong'aa tabaka mbili, msasa mwepesi katikati. Kitambaa usikiache, maana spika inayotazama juu inapokea kila kitu: vumbi, soda ya mtoto, na mjusi kafiri anayeona pale pana joto. Zungushia vyuma vitatu kitambaa chepesi cheusi, kishonewe mpira juu na chini ili kitoke kufuliwa. Dukani kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila kujilazimisha, na sauti itapita.